Nguvu ya Injini Haimo Katika Bisibisi

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hana budi kuupanda mlima Kitonga. Barabara hujipinda kando ya genge, malori hutambaa kwa gia nzito, na mara kwa mara gari la dizeli huyapita likiacha nyuma yake wingu zito jeusi. Atembeaye kando ya barabara hufunika pua kwa kanga au kwa mkono wa shati. Waliomo garini huenda wakajisifu kwamba gari lao lina nguvu. Ukweli wa mambo ni kinyume. Wingu lile ni dizeli iliyonunuliwa kwa fedha, ikaingia katika silinda, ikashindwa kumaliza kazi yake, kisha ikatupwa hewani kuwa masizi.

Katika gereji nyingi za Afrika ya Mashariki, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne likikosa nguvu hupewa dawa moja. Fundi hulegeza nati ya skrubu iliyo nyuma ya pampu ya dizeli, huizungusha skrubu hiyo kuelekea ndani kwa bisibisi, kisha hukaza nati. Gari huondoka limechangamka, na mwenye gari hulipa kwa furaha. Wengine huendelea hatua ya pili. Hununua turbo iliyotoka katika gari jingine na kuifunga katika injini ambayo kiwandani haikuwekewa kifaa hicho. Kazi hizo mbili, yaani kuongeza dizeli na kuongeza hewa, si kosa kwa zenyewe. Kosa ni kuzifanya bila kipimo. Na kosa hilo si la fundi peke yake. Lina mizizi yake katika darasa la fizikia.

Dizeli hutawaliwa na mafuta, si na hewa

Rudolf Diesel alipoionyesha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, injini hiyo haikuhitaji cheche. Hewa peke yake hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ikawa na joto la kutosha kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza baina yake na injini ya petroli. Tofauti ya pili husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo kiini cha mjadala huu. Katika injini ya petroli, mguu wa dereva hufungua mlango wa hewa, na mafuta huifuata hewa kwa kiwango karibu kisichobadilika. Katika injini ya dizeli ya kawaida, hewa huingia wakati wote kadiri silinda iwezavyo kuvuta. Mguu wa dereva huamua kiasi cha dizeli tu.

Kutokana na tofauti hiyo, kila injini huwa na desturi yake. Fundi aliyezoea petroli anajua kwamba mchanganyiko wenye mafuta machache kupita kiasi huichemsha injini na kuiharibu. Akiihamishia dizeli kanuni hiyo, anapotea. Katika dizeli mafuta yakipungua joto hupungua, kwa sababu hewa ya ziada, isiyotumika katika mwako, huchukua sehemu ya joto hilo. Mafuta yakiongezwa bila hewa kuongezwa, joto hupanda na moshi hutoka. Kwa hiyo dizeli ndiyo itoayo nguvu, na hewa ndiyo itoayo ruhusa ya kuitumia.

Ruhusa hiyo inaweza kuhesabiwa. Ili kilo 1 ya dizeli iungue yote, inahitaji takriban kilo 14.5 za hewa. Hesabu hiyo, lakini, huchukulia kwamba kila tone la mafuta limeikuta oksijeni yake. Ndani ya silinda muda wa kuchanganyika ni sehemu ndogo ya sekunde, na matone mengine hayafanikiwi. Kwa sababu hiyo injini huhitaji hewa ya akiba. Mpaka wa moshi haulingani kwa injini zote, lakini uwiano ukishuka kufikia karibu kilo 18 za hewa kwa kilo 1 ya dizeli, injini nyingi za zamani huanza kutoa moshi unaoonekana kwa macho.

Mfano wa injini moja

Chukua injini ya Toyota iitwayo 1HZ, ambayo imeyaendesha magari mengi ya Land Cruiser ya hospitali, ya mbuga za wanyama na ya miradi ya vijijini. Ina silinda 6, ujazo wake ni lita 4.16, na kiwandani haiwekewi turbo. Ni injini ya mipigo minne, hivyo huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda zake zina nafasi ya lita 6,240 za hewa kwa dakika. Silinda hazijai kabisa. Tuseme zinajaa kwa asilimia 85. Basi hewa inayoingia ni meta za ujazo 5.3 kwa dakika. Usawa wa bahari, halijoto ikiwa nyuzi 30 za Selsiasi, meta moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.165. Kwa hiyo injini imepata kilo 6.2 za hewa. Fundi akiwa ameirekebisha pampu ili uwiano uwe 20 kwa 1, injini itapewa gramu 310 za dizeli kwa dakika, na bomba litakuwa safi.

Sasa gari hilohilo, ambalo hakuna aliyeligusa, lipande hadi Iringa, takriban meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko imeshuka kutoka kilopaskali 101 hadi karibu 84. Hata kama halijoto ni nyuzi 20 tu, meta moja ya ujazo sasa ina kilo 1 ya hewa. Injini huvuta ujazo uleule, lakini inachopata ni kilo 5.3 badala ya 6.2. Pampu isiyo na kifaa cha kutambua mwinuko huendelea kuipa gramu zilezile 310. Uwiano umeshuka hadi 17 kwa 1. Moshi mweusi umetokea, na gari limepoteza nguvu.

Mwenye gari hulalamika kwamba gari limechoka. Anaingia gereji ya huko huko mlimani, na skrubu inazungushwa ndani ili "kuongeza nguvu". Hewa haikuongezeka hata gramu moja. Dizeli iliyoongezwa inapata oksijeni kidogo zaidi, nyingine inageuka masizi, na joto la ndani linapanda. Hapo ndipo penye msiba: maradhi yalikuwa njaa ya hewa, na mgonjwa amelishwa mafuta.

Turbo na deni lake

Dawa halisi ya njaa ya hewa ilibuniwa na Mswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905, na ambaye mwaka 1925 alifaulu kuongeza nguvu ya injini ya dizeli kwa kiasi cha asilimia 40. Wazo lenyewe ni jepesi kueleza. Moshi utokao silinda bado una nishati nyingi. Ukiupitisha katika gurudumu dogo lenye mapanga, utalizungusha. Gurudumu la pili, lililo kwenye mhimili huohuo, huivuta hewa safi na kuisukumiza ndani ya injini. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili.

Hapa pia hesabu huwasahihisha wenye pupa. Turbo ikiongeza kanieneo kwa nusu, yaani geji ikisoma paundi 7 hivi kwa inchi ya mraba, wengi hudhani kwamba hewa nayo imeongezeka kwa nusu. Sivyo. Kitu kinachogandamizwa hupata joto, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kushika pampu ya baiskeli. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30, na turbo ikiwa na ufanisi wa asilimia 70, hewa itatoka ikiwa na nyuzi 83 hivi. Kwa kuwa hewa ya moto hutanuka, uzito wake katika kila meta ya ujazo utaongezeka kwa asilimia 28 tu, wala si 50. Ikipitishwa katika kipozahewa, ambacho mafundi hukiita intakula, na kushushwa hadi nyuzi 50, ongezeko hufikia asilimia 40 hivi.

Fundi asiyelijua hilo ataongeza dizeli kwa asilimia 50, akiamini kwamba hewa nayo imeongezeka hivyo. Atakuwa ameushusha uwiano kutoka 20 hadi 17, yaani uwiano uleule uliolitesa gari kule Iringa, ila safari hii mafuta ni mengi zaidi na moto ni mkubwa zaidi.

Kuna deni jingine. Pampu ya injini iliyotengenezwa kiwandani pamoja na turbo mara nyingi huwa na kiwambo cha mpira juu yake. Kanieneo ya turbo inapopanda hukisukuma kiwambo hicho, nacho hushusha kijiti kilichochongwa kwa mshazari, na kijiti hicho ndicho kinachoiruhusu pampu kuongeza dizeli. Hewa hutangulia, mafuta hufuata. Pampu ya injini isiyo na turbo haina mlinzi huyo. Skrubu yake ikizungushwa ili ilingane na hewa ya turbo, itamwaga dizeli hiyohiyo hata pale turbo inapokuwa bado haijashika kasi. Ndiyo sababu magari mengi yaliyoongezewa turbo hutoa moshi mzito yanapoanza kuondoka na kusafika yanapokuwa na mwendo.

Wengine, wakiona turbo haitoshi, huuchezea mpira mwembamba unaoiongoza valvu ya kupunguzia. Valvu hiyo huufungulia moshi njia ya pembeni turbo inapofikia kanieneo iliyokusudiwa. Ikidanganywa, turbo huzunguka kupita kasi iliyotengenezewa, hewa huzidi kuwa ya moto, na mgandamizo ndani ya silinda hupanda mpaka gasketi ya silinda hedi inashindwa kuuzuia.

Joto halionekani kwa macho

Fundi hodari anaweza kuusoma moshi kwa macho na mlio kwa masikio. Maarifa hayo ni ya thamani, na haifai msomi yeyote ayadharau. Lakini kuna jambo moja ambalo jicho na sikio haviwezi kulipima, nalo ni joto la gesi zinazotoka silinda. Pistoni nyingi hutengenezwa kwa aloi ya alumini. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660, na aloi zake hulegea kabla ya hapo. Pistoni huokoka kwa sababu joto lake hutoroka kupitia ringi na kuta za silinda, huchukuliwa na oili, na hupozwa kila mara hewa mpya inapoingia. Gesi zikiwa moto kupita kiasi kwa muda mrefu, kama inavyotokea katika mlima mrefu gari likiwa limejaa mizigo, njia hizo hazitoshi.

Kwa sababu hiyo, waangalifu wanaofunga turbo katika injini zisizokuwa nayo hukubaliana juu ya kikomo cha nyuzi 700 hivi, zikipimwa kabla ya gesi kuingia katika turbo, kwa mwendo wa kuendelea. Kipimo chenyewe si miujiza. Ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Thomas Johann Seebeck aligundua tabia hiyo mwaka 1821. Nyaya za aina itumiwayo sana hutoa takriban milivolti 29 ncha moja ikiwa katika nyuzi 700 na nyingine katika nyuzi 0. Geji hiyo ni rahisi mno ikilinganishwa na gharama ya injini iliyonoki.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni anasa ya maabara. Kwamba gari la wagonjwa lazima lifike, na kwamba mama mjamzito hawezi kungoja hesabu. Hoja hiyo ni nzito na yastahili jibu la haki. Jibu ni kwamba gari la wagonjwa ndilo lenye haki kubwa zaidi ya kupimwa, kwa kuwa ndilo lisiloruhusiwa kusimama njiani. Mara nyingi nguvu inayotafutwa kwa bisibisi imefichwa mahali pengine: chujio la hewa lililojaa vumbi, nozeli zilizochakaa zinazodondosha badala ya kunyunyiza, pampu iliyopoteza majira yake, bomba la hewa lenye ufa. Mambo hayo yakaguliwe kwanza. Kama gari bado linakosa nguvu mlimani, dereva ashuke gia moja na aridhike na mwendo uliopo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Likiamuliwa jambo la kuongeza turbo, utaratibu ni huu. Geji mbili zifungwe kabla ya skrubu kuguswa, moja ya kanieneo na nyingine ya joto. Pampu irekebishwe katika mashine ya kupimia, ikiwezekana. Kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, kwa robo ya mzunguko au pungufu, kisha gari lijaribiwe katika mlima uleule, kwa mzigo uleule, na matokeo yaandikwe katika daftari. Kazi ikomeshwe geji inapoamuru, hata kama mwenye gari anaomba kidogo tu zaidi. Na gari likihamia nyanda za juu, lipimwe upya.

Magari mapya hayajaondoa wajibu huo. Tangu mwaka 1997, ulipoanza mfumo wa bomba la pamoja katika magari madogo, kompyuta imechukua nafasi ya skrubu. Badala ya bisibisi pameingia visanduku vinavyoudanganya ubongo huo ili umwage dizeli zaidi. Chombo kimebadilika, lakini kilo 1 ya dizeli ingali inadai kilo zake 14.5 za hewa.

Moshi ni mali ya umma

Yupo atakayesema kwamba injini ni yake, na akitaka kuiua ni shauri lake. Pengine. Lakini moshi si wake peke yake. Mwaka 2012 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Anayezivuta kwa wingi si mwenye gari aliyefunga vioo. Ni mwanafunzi aendaye shule kwa miguu kando ya barabara, mwuza matunda, na fundi mwenyewe aliyeinama nyuma ya bomba siku nzima. Nguvu iliyonunuliwa kwa mapafu ya wengine haistahili kuitwa ufundi.

Hapa ndipo mwalimu wa sayansi anapohusika. Vijana wengi humaliza kidato cha nne wakiweza kuandika kanuni ya gesi ubaoni, wasijue kwamba kanuni hiyohiyo ndiyo inayolitoa moshi gari linalopita dirishani. Na fundi aliye hatua mia mbili kutoka shuleni huijua injini kwa mikono, bila kuambiwa kwamba anachokihisi kina jina na hesabu. Kati ya wawili hao kuna ukuta usio na sababu. Mwalimu awapeleke wanafunzi gereji wakiwa na daftari na kipimajoto. Fundi naye aalikwe darasani aifungue pampu mezani. Mwanafunzi wa Mbeya, Arusha au Nairobi apige hesabu ya hewa ya mji wake mwenyewe, aone ni gramu ngapi za dizeli zinazostahili kuingia katika injini ya basi analopanda. Hakuna kifaa cha kuagizwa ng'ambo kinachohitajika kwa somo hilo.

Siku vijana hao watakapokuwa mafundi, madereva na wenye magari, gari litakapokosa nguvu mlimani hawatauliza kwanza bisibisi iko wapi. Watauliza hewa ni kilo ngapi.